Jazi ya kwenye runinga: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuijua jazi kwa video za zamani za runinga kabla ya kununua santuri. Inafaa sana, ila chagua. Vipindi vingi vya zamani vilimpa mwanamuziki dakika tatu, tabasamu, kisha tangazo la sabuni.

Anza na kipindi cha The Sound of Jazz, kilichorushwa moja kwa moja na CBS, kituo cha runinga cha Marekani, tarehe 8 Desemba 1957. Hakuna mapambo: kamera zinaonekana, watu wamevaa kofia zao za kawaida. Humo utafute wimbo wa Fine and Mellow. Lester Young, ambaye tayari afya yake ilikuwa mbovu, anasimama na kupiga saksafoni sauti chache tu, taratibu, bila mbwembwe. Sasa mtazame Billie Holiday, mwimbaji wa wimbo huo: anatikisa kichwa, anatabasamu, kama anayeyajua maneno ya kile kisicho na maneno. Wote wawili walifariki 1959. Kwangu mimi hakuna video ya jazi inayoifikia hiyo, na wanaobisha waje na yao.

Angalizo kwa mfuko wako: santuri yenye jina la The Sound of Jazz si sauti ya kipindi chenyewe. Ilirekodiwa studio siku chache kabla. Nzuri, lakini si ile.

Ukishaipenda, nunua Kind of Blue, santuri ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Mkusanyiko wa “nyimbo bora za jazi” uache dukani.