Sesilia maana yake kipofu

Ndugu uliyeuliza kama sesilia, yule mdudu kama mnyoo mkubwa asiye na miguu, ana uhusiano na Mt. Sesilia wa kwaya, uhusiano upo ila ni wa mzizi wa neno tu. Kilatini caecus ni kipofu, hapo likatoka caecilia, halafu Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga majina ya viumbe, akalitumia kama jina la kisayansi mwaka 1758, na jina Sesilia linatokana na ukoo wa Kirumi wa Caecilius ambao nao unarudi hukohuko kwenye caecus.

Na sio mdudu wala nyoka jamani, ni amfibia, ndugu wa chura. Kundi zima linaitwa Gymnophiona, yaani nyoka uchi kwa Kigiriki, kwa sababu walionekana hawana magamba, ingawa wengine wanayo madogo yamejificha ndani ya ngozi.

Mimi nilimuona Uluguru tukilima kwa mjomba, jembe limegeuza udongo mweusi akatokea mmoja, ana pingili kama mnyoo lakini ukimuangalia kwa karibu ana mdomo na taya kabisa, macho huyaoni. Badala yake kila upande wa kichwa ana kapapasio kadogo ka kunusia njia. Watu wa Dar wengi hawamjui na kumbe tunaye hapo karibu, Morogoro, kuna hadi aina inayoitwa Boulengerula uluguruensis, jina limebeba milima yetu. Ukimkuta shambani usimkate, mfunike na udongo aende zake.