Nilipodhani Muadhini Ananitaja Mimi

Alfajiri moja mwaka 2016 nilimsikia muadhini akinitaja jina. Haikuwa ndoto, maana usiku huo ulikuwa wa tatu sijalala. Nilikuwa nimejibanza pembeni mwa chumba, kwetu Majengo, Mombasa, na baina ya "Hayya alas-swalah" na "Hayya alal-falah" akalipachika jina langu na la marehemu baba, ili mtaa mzima ujue ni yupi. Nikang'oa godoro kitandani nikazibia dirisha, na juu yake nikapigilia leso mbili za mama kwa misumari. Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia anyamaze, wako nje.

Hao "wako nje" walikuwa kina nani, hata leo siwezi kukuambia kwa yakini. Leo walikuwa polisi, kesho dereva wa tuktuk nyekundu, keshokutwa shemeji yangu aliyekuwa ameniuza. Hofu haikuhitaji ushahidi. Chochote ilichokiona, ilikigeuza ushahidi.

Nayaandika haya kwa sababu kila baada ya muda huja mtu kwangu, aghalabu mama au dada wa kijana fulani, akaniuliza la kufanya. Kijana anatafuna muguka (majani ya jamii ya miraa, ya bei nafuu), anavuta bangi, na sasa anasema nyumba nzima inataka kumuua. Halafu sauti hushuka: "Au ni jini?"

Nianzie baze, yaani kijiwe chetu cha kutafunia, maana kila kitu kilianzia pale. Mimi ni fundi wa mafriji. Jioni tulikuwa tukikaa nyuma ya duka moja, njugu na bazoka (ubani wa kutafuna) mkononi, miraa ya Meru ikiwa pesa ipo, muguka wa Embu ikiwa pesa haipo, na aghalabu pesa haikuwapo. Mwanzo ni raha tu. Handasi, ule uchangamfu wa miraa, ikipanda kila mtu ana akili, kila mtu ana mpango wa biashara. Ikishuka, usingizi umekukimbia na moyo unapiga kama jenereta. Ndipo rafiki akanifundisha bangi ya kushukia, na ile ikishindwa, kidonge cha bugizi, dawa kali ya usingizi. Basi mchana nilijipandisha, usiku nikajishusha, na katikati sikubaki mimi.

Na kilichonidanganya zaidi ni kwamba sikuwa nimegusa pombe hata tone. Nilijiona Muislamu safi mwenye kaudhaifu kadogo. Muguka ni jani, nikasema, na jani halikutajwa katika Qur'ani. Nilipenda kusema pia kwamba wanazuoni wamekhitalifiana, na hilo ni kweli: Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliandika kitabu kizima juu ya miraa katika karne ya 16. Nisichokisema pale baze ni kwamba kitabu hicho ni cha kutahadharisha, na kwamba mwenyewe alisita kuharamisha moja kwa moja lakini akausia watu wajiepushe nayo. Tulichukua kusita kwake tukaacha wasia wake. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa na mahakama ya Embu ikalisimamisha agizo lile, niliyasikia maneno yetu yaleyale yakirudiwa redioni na watu wazima. Nilicheka peke yangu, nikazima redio.

Sasa nije kwenye uji, maana ndiyo sababu hasa ya makala haya.

Nilipofikia hali ya kuziba madirisha, nilikuwa nimeacha kula chakula cha nyumbani. Nilikuwa na hakika natiliwa kitu. Nilikula mkate niliofunguliwa mbele yangu dukani, na maji ya chupa. Mama alilia wee. Jirani akampeleka kwa mtu mmoja aliyejulikana kwa kutoa majini. Akatoza pesa nzuri, akamwambia nimekaliwa na jini la kike la baharini, akampa kombe (maji yaliyooshewa aya za Qur'ani zilizoandikwa) na unga fulani wa majani. Kwa kuwa sitakubali kunywa, akasema, atie kwenye uji.

Akatia. Nilikuwa nimeanza kulainika siku ile, nikakubali bakuli moja la uji kwa kuwa nilimwona mama amechoka. Nikauonja. Nikauhisi ule uchungu ulimini.

Hebu lifikirie hilo. Kwa miezi nilikuwa nikisema mnatia kitu kwenye chakula changu, na watu wote wanaonipenda wananiambia hapana, ni akili yako. Kumbe siku ile ilikuwa kweli. Nilivunja bakuli, nikatoka, nikalala siku nne ufuoni karibu na mashua zilizopandishwa ukarabati. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari kubwa kuliko muguka wenyewe: sikuwa tena na mtu hata mmoja duniani wa kumwamini.

Kombe silitukani. Kusomewa Qur'ani ni jambo la baraka, na mpaka leo nasoma Ayatul-Kursi kabla ya kulala. Ninacholalamikia ni hila. Mgonjwa wa hofu hatibiwi kwa hila, kwa sababu hila ndiyo hasa anayoiogopa. Ukimwambia "twende mazikoni Likoni" kisha ukamshusha mlango wa hospitali, umempa ushahidi wa maisha. Ukimtilia kidonge kwenye chai, hivyo hivyo. Nimeona familia tatu au nne zikifanya hivi kwa mapenzi matupu, na kila mara kijana akarudi nyumbani amefunga mlango mara mbili zaidi ya mwanzo.

Aliyenirudisha ni maalim wangu wa chuoni, mzee aliyenisomesha juzuu amma nikiwa na miaka saba, na fimbo yake naikumbuka. Alinikuta ufuoni. Hakuniambia "hakuna mtu anayekufuata", maneno niliyokwisha kuambiwa mara mia. Wala hakujifanya anaamini kwamba wapo. Alikaa mchangani kwa taabu, magoti yake mabovu, akauliza: "Umelala lini mara ya mwisho?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi sioni mtu hapa. Lakini naona unaogopa, na hofu hiyo ni kweli. Nifanyeje usiogope kwa saa moja?" Nikamwambia akae upande wa barabara ili awe baina yangu na tuktuk. Akakaa. Nikalala mchangani, jua linaniwakia, nadhani saa mbili.

Nilipoamka alikuwa bado yupo. Ndipo akanisomea aya ya 12 ya Suratul-Hujurat, ile inayosema tujiepushe na dhana nyingi kwani baadhi ya dhana ni dhambi, wala tusipelelezane. Nikatetemeka, nikamwambia, basi mimi ni mwenye dhambi kwa dhana zangu hizi zote. Jibu lake silisahau. Akasema kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyeondokewa na akili mpaka imrudie. "Dhana uliyonayo leo hukuichagua, huulizwi. Utaulizwa kuhusu jani, siku utakayokuwa mzima. Kwa hivyo tukutafutie uzima kwanza."

Kisha akaniambia wazi anakotaka kunipeleka: hospitali, kwa daktari wa akili. Akaniambia njia tutakayopita, nani atakuwapo, na kwamba nikitaka kurudi katikati ya njia tutarudi. Nilisimamisha matatu mara mbili. Mara zote mbili alishuka nami bila kunung'unika, akalipa nauli upya.

Daktari naye hakunishangaa. Akasema muguka mwingi, bangi na kukosa usingizi vikikutana vinaweza kumtoa mtu akilini hivi hivi, akaona wabaya wasiokuwapo na kusikia sauti. Wengine hurejea kwa siku au wiki wakiacha na kulala, wengine hubaki na ugonjwa unaotaka dawa kwa muda mrefu, na hakuna ajuaye yeye ni yupi mpaka apimwe na afuatiliwe. Akaniuliza kuhusu bugizi, nikataka kuficha. Maalim akanitazama tu. Nikasema. Na lau nisingesema ningejiua bila kujua, kwani nilikuwa nimekusudia kuviacha vyote siku ile ile, ili toba yangu iwe ya kweli. Muguka unaweza kuuacha leo. Utalala sana, utakula sana, utakuwa na huzuni, lakini utaishi. Vidonge vya aina ya bugizi, ukiwa umevizoea, ukivikata ghafla unaweza kupigwa na degedege na ukafa. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Kwa hiyo kijana akitubu usiku wa Lailatul-Qadr akavitupa vyote baharini, mshukuru Mungu kwa toba yake, kisha mpeleke hospitali asubuhi hiyo hiyo.

Na kwa watumiaji wa unga, yaani heroini, ni kinyume. Arosto, yale maumivu ya kuacha, itamgaragaza, atatapika, ataharisha, mifupa itamuuma, lakini kwa kawaida si hiyo inayoua. Kinachoua ni kurudia kipimo chake cha zamani baada ya wiki kadhaa za kuacha, wakati mwili umekwisha kukisahau. Swahibu yangu mmoja wa baze tulimzika hivyo. Alikuwa ametoka tu kukaa mwezi mzima safi, na sote tulikuwa tumempongeza.

Kwa hao wa unga kuna methadoni, dawa inayopewa mtu badala ya heroini, ambayo hapa Kenya ilianza kutolewa Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikashuka kwetu Pwani. Huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Najua maneno ya misikitini: umebadilisha kilevi kwa kilevi, na Mwenyezi Mungu hakuweka ponyo katika haramu. Nilimpelekea maalim swali hilo kwa niaba ya mtu. Akanikumbusha kwamba Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, tunakisoma pwani hii yote, alijuzisha kumpa mtu dawa ya kumwondolea fahamu anapokatwa kiungo kilichooza. Anayekunywa kwa kipimo cha daktari ili asiibe na asijidunge, alisema, hatafuti kulewa. Mwingine atakuwa na fatwa yake. Nakuomba tu asimtoe mtu kwenye dawa kwa khutba ya dakika kumi kisha asiwepo siku ya mazishi.

Saumu pia huulizwa sana. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na ya 185, na ruhusa hiyo si ya mwenye malaria peke yake. Usipunguze dawa za akili wala kubadilisha saa zake kwa sababu ya Ramadhani bila kumuuliza daktari, na umuulize mapema, mwezi wa Shaaban, si usiku wa mwandamo.

Na swala je? Wengi huacha kuswali kwa hoja kwamba mlevi swala yake haikubaliwi siku arubaini. Mimi pia nilijificha humo. Wanazuoni hufafanua kwamba kinachokosekana ni thawabu, faradhi haijaondoka shingoni, na ukirudi kwa Mola wako Yeye hurudi kwako. Qur'ani imekataza kuikaribia swala ukiwa umelewa, basi ngoja utulie, kisha simama. Sikuweza kurudi msikitini kwa miezi kadhaa, kwa kuwa kila khutba niliiona inanihusu. Niliswali nyumbani na mama nyuma yangu. Ijumaa ya kwanza niliyorudi nilikaa safu ya mwisho karibu na mlango, viatu mkononi, na hakuna aliyeniuliza ulikuwa wapi. Nawashukuru kwa kutouliza.

Nina neno kwa wale wanaouliza, na kwa wanaosema "teja huyo, Mungu amemlaani". Katika Sahihi Bukhari yumo mtu aliyeletwa kwa ulevi si mara moja, akaadhibiwa, na mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume (s.a.w.) akamkataza: msimlaani, kwani anampenda Allah na Mtume Wake. Mtu yule hakuwa ameacha bado.

Wewe unayesoma haya na dirisha lako limezibwa: sikuambii humo nje hamna mtu, hutaniamini. Nakuambia chagua mmoja. Si lazima awe mwenye elimu. Awe tu hajawahi kukudanganya. Mwambie hujalala siku ngapi na umetumia nini, bila kupunguza. Kama hayupo kabisa, namba ya NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni bure. Na familia, mkiona hali hii, msibishane naye kuhusu maadui wala msijifanye mnaamini kwamba wapo. Shughulikieni usingizi, maji na chakula. Isipokuwa ameshika kisu, au anazungumzia kufa, au hajala siku kadhaa. Hapo omba msaada wa watu na mumpeleke hospitali hata kwa nguvu, lakini mwambieni ukweli njia nzima kwamba ni hospitali.

Mimi nilikunywa dawa mwaka mmoja na nusu. Baze sipiti, nikienda kazini nazunguka, hata nikiwa nimechelewa. Tuktuk nyekundu mpaka sasa huniondoa roho kidogo.

Mama ndiye aliyepata taabu zaidi kunirudia, au mimi kumrudia, sijui. Hajapata kuniomba radhi kwa ule uji na wala sijamtaka. Ila tangu siku ile, kila akinipikia uji, huchota kijiko kimoja akanywa mwanzo, mbele yangu, kisha hunisogezea bakuli. Nimemwambia mara ngapi aache. Hunyamaza, akachota.