Kompyuta ya giaboksi haijui tuta

Swali: Assalam aleikum fundi. Nina Nissan Serena ya 2008, gari ya familia, watoto watano na mama mkwe. Wiki mbili zilizopita tuliosha injini kwa presha, na tangu hapo nikipita tuta kali taa ya injini inawaka, gari inakuwa nzito haipandi spidi, nikizima nikiwasha tena inarudi sawa. Fundi alitoa waya wa betri usiku mzima ili "ijisahau", asubuhi akachomeka skana ya simu ikasoma U1000 na P1701, akasema kompyuta ya giaboksi imekufa. Kuna moja ya mtumba Mombasa kwa 35,000 na yeye atafunga. Ninunue hiyo au nitafute mpya? Mama wa Maweni, Malindi.

Jibu: Waaleikum salaam mamangu. Usinunue. Si ya mtumba, si mpya, hiyo 35,000 ikae kabatini kwanza, manake jibu umeliandika mwenyewe: injini ilioshwa, halafu gari inasumbua kwenye tuta. Kompyuta haijui tuta. Mara nyingi ikifa imekufa, haingoji ufike kwenye tuta ndio ife kisha ukizima ukawasha ifufuke. Kinachojua tuta ni waya, ni soketi iliyolegea, ni pini iliyoingia maji, ni erthi inayoshika na kuachia.

Sasa hiyo P1701, hapo ndipo roho inaponiuma kwa sababu naletewa kila mara. Kodi hiyo (ya skana, sio ya KRA) kwenye hizi CVT za Nissan (giaboksi za otomatiki za mkanda na puli badala ya gia) inasema umeme wa kompyuta ya giaboksi ulikatika, basi, na kitabu cha mafundi cha Nissan chenyewe kinaeleza kwamba ukitoa betri itatokea na hiyo sio hitilafu. Fundi wako katoa waya wa betri usiku kucha, asubuhi kachomeka skana, kakuta nyayo zake mwenyewe, akasema mwizi kapita hapa. Na U1000 ni lalamiko la mawasiliano tu, kompyuta moja inasema kwa kama sekunde mbili hivi sikumsikia mwenzangu. Haisemi mwenzangu kafa. Ukimpigia mtu simu asishike, hukimbilii kuchimba kaburi.

Tena kwa kutoa betri amekufutia ushahidi, kodi zilizokuwepo kabla ndizo zingetuambia kitu. Sasa itabidi usubiri tatizo lirudi ndio lisomwe tena, na lisomwe kwa skana inayoingia kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe, kwa sababu hizi gari zilitengenezwa kwa soko la Japani na vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi mara nyingi vinaishia mlangoni.

Kitu cha kupima ni hiki, na hakihitaji kununua chochote. Betri itolewe (ndio, P1701 itarudi, msishtuke) kisha fundi aweke mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya), apime tundu la 6 na la 14 la soketi ya skana pale chini ya usukani. Isome kama 60. Ni 60 kwa sababu zile waya mbili za mawasiliano zina rizista ya omu 120 kila mwisho, na zikiwa mbili sambamba unapata nusu. Ikisoma 120 upande mmoja umekatika, ikikaribia sifuri waya zimegusana. Na asipime mara moja akaondoka, awepo mtu wa pili anatikisa kitita cha waya kule mbele polepole, kipande kwa kipande, wakati yeye macho yako kwenye mita. Hilo ndilo tuta lenu, mnalitengeneza hapo hapo bila kuendesha.

Halafu betri irudi, injini iwake, taa kubwa na AC juu. Mita kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya erthi ya kompyuta kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Ikizidi 0.2 hapo pana kutu au bolti imelegea. Mafundi wengi wanapima erthi kwa mlio wa mita gari ikiwa imezimwa, inalia tiii wanasema iko sawa. Uzi mmoja wa waya uliobaki nao utalia tiii, lakini hauwezi kubeba mzigo.

Kuna minivan ililetwa kwangu na mwenyewe ameshanunua boksi mbili za kompyuta ya giaboksi, zote anazo kwenye mfuko wa plastiki kama samaki. Gari ilikuwa imegongwa mbele ikanyooshwa ikapigwa rangi, na fundi wa rangi akarudisha bolti ya erthi juu ya rangi. Ilikaa sawa miezi kadhaa, ikaanza vituko. Nilikwangua kwa msasa duara dogo kama shilingi ishirini, nikakaza, nikapaka grisi juu yake. Boksi ile ya kwanza kabisa, ya gari lenyewe, ndiyo iliyorudi na mpaka leo inafanya kazi.

Na sisi wa huku chumvi iko hewani, ukivuka Sabaki kwenda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi ndio kabisa. Nimefungua soketi ya gari ya huko, pini mbili zina ukungu wa kijani, nikashika waya kwa vidole viwili ukatoka wote bila kulazimishwa. Kwa macho soketi ilikuwa nzima. Sasa ongeza presha ya kuosha injini juu ya hapo, maji yanasukumwa mpaka ndani ya raba za soketi na hayatoki.

Haya, tuseme umenunua ile ya mtumba. Hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi, wanaambiwa chomoa chomeka. Kwenye CVT hizi, ndani ya giaboksi pale kwenye valvu bodi (sehemu inayogawa mafuta) kuna kidude cha kumbukumbu chenye vipimo vya solenoidi, yaani valvu za umeme, za giaboksi hiyo hiyo, na kompyuta inavisoma na kuviweka. Boksi ya mtumba inakuja na vipimo vya giaboksi ya watu wengine. Visipofutwa kwa skana ya maana ili isome upya, itakuwa inatoa presha ya mafuta isiyolingana, gari inashtuka, mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, na puli ikishakwaruzika hapo hatuongei tena 35,000, tunaongea giaboksi nzima. Halafu yule aliyekufungia atakwambia giaboksi ilikuwa mbovu tangu zamani.

Kompyuta huwa inakufa kweli, sikatai, nimeona zilizoingia maji ndani mpaka sakiti imeliwa. Hapo tunabadilisha, lakini namba ya kwenye kibandiko, ile inayoanza na 31036, ilingane mpaka herufi ya mwisho, na anayefunga akuonyeshe kwanza skana yake inaweza kufuta vile vipimo. Akisema haihitaji, funga boneti uende zako. Na yule anayesema ataifungua aianike juani, au mwingine anataka kumwaga mafuta ya CVT aweke ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) ya kawaida "isafishe", huyo usimwachie hata ufunguo. Gari yako inatumia NS-2, mafuta ya CVT ya Nissan, na mafuta hayarekebishi waya.

Kwa hivyo anza na soketi za giaboksi na za kompyuta yake, zifunguliwe, zipulizwe zikauke, zisafishwe kwa dawa ya kontakti, sio petroli, na kila pini ivutwe kidogo uone kama imeshika. Injini msioshe tena kwa presha, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Ikikataa njoo nayo asubuhi kabla jua halijawa kali, betri ikiwa mahali pake usiku wote, na usije na boksi mkononi.