Obama alikuwa seneta au mbunge wa jimbo? Baraza la Ngamiani linauliza

SWALI: Asalaam aleikum kaka mjibu maswali. Sie hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tumebishana toka kahawa ya alasiri mpaka magharibi inaadhiniwa na hakuna aliyekubali. Mwenzetu mmoja anasema Obama kabla ya urais alikaa useneta miaka minne tu, mie nasema minane, nilisoma mahali. Akanijibu hiyo minane alikuwa mbunge wa jimbo. Sasa jamani kuna mbunge asiyekuwa wa jimbo? Tumewekeana dau birika zima na kashata zake, tuamulie. (Mzee wa Baraza)

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Hapo kinachowagombanisha ni hilo neno jimbo. Kwetu jimbo ni eneo linalochagua mbunge mmoja basi, ila tukija Marekani tunaliita jimbo dude kubwa kama Illinois au Texas, lina gavana wake, katiba yake, mahakama zake na bunge lake lenyewe, na yapo 50. Kwahiyo mbunge wa jimbo kule hatumwi Washington kwenye bunge la taifa, anatunga sheria za humohumo jimboni kwake. Cha kufanana nacho kwetu ni Zanzibar, hapo ng'ambo tu, muulize mtu wa Pemba atakwambia jimbo lake linatoa mbunge wa kwenda Dodoma na mwakilishi wa kwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Obama alianzia Chukwani, tuseme hivyo.

Sasa kinachochanganya zaidi ni kwamba bunge la Illinois lina nyumba mbili na ile ya juu nayo inaitwa Seneti, ina watu 59, na yeye alikuwa humo, toka Januari 1997 mpaka Novemba 2004. Yani alikuwa seneta mara mbili! Kwao Chicago lakini bunge linakaa Springfield, kama kilomita 300 na ushee, karibu sawa na Tanga hadi Dar, na huku anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa wachache kwenye Seneti, na ukiwa upande huo miswada yako mingi inaishia kwenye kamati. Mwaka 2000 akajaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Chicago kwenye bunge la taifa, kwenye kura za chama za kwenda Washington, akapigwa vibaya sana, akarudi Springfield kimyakimya. Ndo 2003 chama chake kikashika Seneti, akapewa kamati ya afya, na miswada ikaanza kupita, mmoja ule wa kulazimisha polisi warekodi kwa video mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Mi kwa maoni yangu huo ndo mkubwa kuliko yote aliyofanya kule ila barazani hamuutaji, mnataja hotuba yake ya 2004 kwenye mkutano wa chama Boston tu.

Na kuna hii, Illinois unaweza kupiga kura ya ndiyo, hapana, au "nipo". Nipo tu! Yeye aliipiga zaidi ya mara 100 na 2008 wapinzani wake wakamsema kweli kweli kwamba anakwepa, japo mswada unahitaji ndiyo 30 kwahiyo nipo yako kazi yake ni ileile ya hapana.

Haya, kahawa. Seneti ya Washington alikaa Januari 2005 hadi Novemba 2008, hata minne haijatimia, na Illinois karibu minane. Mwenzio kaponzwa na ile "tu" yake, maana Illinois nako alikuwa seneta, anunue yeye. Wewe toa kashata.

SWALI: Kaka, mi nipo Bagamoyo, binamu yangu ni mwalimu Marekani anataka kugombea bunge la jimbo, je itabidi aache kazi? (Dada wa Dunda)

JIBU: Inategemea jimbo dada. New Hampshire wanalipwa dola 100 kwa mwaka, umesoma sawa, kwa mwaka, na nyumba ya chini ina watu 400, kwahiyo wengi ni wastaafu au wana shughuli zao nyingine. Texas kikao cha kawaida ni siku 140 kila baada ya miaka miwili na mshahara ni dola 600 kwa mwezi, hapo mwajiri wake akubali kumpa ruhusa ndefu. California ndo kazi ya kutwa yenye mshahara wa kueleweka, ila mwisho miaka 12 unaondoka. Muulize kwanza yuko wapi.