Jibu: Simu kupima mlio wa bunduki ya .22

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini simu yako inaonyesha desibeli 98 tu kwa bunduki ya .22 (yaani ya risasi ndogo, yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22) ilhali majirani wanalalamika, na jinsi ya kupunguza mlio huo unapofanya mazoezi ya shabaha.

Kwanza, usiiamini namba hiyo. Kilele cha mlio hupita kwa muda mfupi mno, na maikrofoni ya simu, iliyokusudiwa mazungumzo, hufika kikomo chake mapema. Bunduki kama yako inaweza kukaribia desibeli 140 za kilele, kiwango kinachodhuru masikio, kwa hiyo usiache kuvaa vikinga masikio. Kipimo cha maana hutaka kifaa kinachosoma kilele, kikiwekwa palepale kila mara.

Kisha angalia kasi iliyoandikwa kwenye pakiti ya risasi. Ikizidi takriban mita 343 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya sauti hewani penye nyuzi 20, risasi hupasua hewa njia nzima, na mpasuko huo hausikiki mdomoni mwa mtutu peke yake. Tumia risasi za mwendo wa chini ya hapo, ukirekebisha upya shabaha yako kwa kuwa zitashuka zaidi. Sijui mtutu wako una urefu gani, lakini mrefu husaidia.

Mimi nilishangazwa zaidi na kishindo cha shabahani: bamba la chuma lililia kama kengele, na sanduku imara la mchanga likakimaliza. Kuhusu kizuia mlio, ulizia sheria kwanza.