Mchumba anakula mishkaki, kwao hata yai haliingii

*Shangazi, mimi ni Mkristo kutoka Voi, nafanya kazi Mombasa. Mchumba wangu ni Mhindu wa Kigujarati. Tukiwa wawili anakula mishkaki ya kuku bila wasiwasi, lakini kwao hata yai haliingii, na ameniomba mama yake asijue. Dini yao inasemaje hasa? Na huyo mama anakuja kwangu Jumapili kula mchana. Nimpikie nini? – Mkwe Mtarajiwa*

Mwanangu, ukitafuta amri moja inayowakataza Wahindu wote nyama, hutaipata. Wahindu wa Kibengali, mashariki mwa India, hula samaki hadi harusini. Kwenye hekalu la Kalighat, Kolkata, mbuzi huchinjwa kwa ajili ya mungu wa kike Kali, na nyama yake huliwa. Utafiti wa 2021 wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulikuta ni asilimia 44 tu ya Wahindu wa India wanaosema hawali nyama. Kwa ng'ombe ndipo wengi wanapokubaliana: asilimia 72 walisema anayemla hawezi kuitwa Mhindu.

Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, ndiko kamba ilikokazwa. Fundisho la kutodhuru kiumbe, yaani ahimsa, lina mizizi mirefu kule, kwa Wahindu na kwa majirani zao Wajaini, wenye dini yao nyingine. Na Wagujarati wengi wa huku kwetu ni wafuasi wa dhehebu la Kihindu la Swaminarayan, ambao nyama, samaki, mayai na pombe kwao ni mwiko. Usimwone mama mkwe ana makuu.

Mishkaki haijamtoa kijana wako kwenye Uhindu. Ninachomlaumu ni kukubebesha siri yake. Gandhi, Mgujarati mwenzake, aliwahi kula nyama kwa kificho ujanani. Akirudi nyumbani anamwambia mama hana njaa, tumbo limevurugika. Mwenyewe alisimulia kwamba uongo ule ndio uliomshinda, akaamua kutoigusa tena maadamu wazazi wake wako hai. Basi na wako achague: aseme au aache. Wewe usimchongee, lakini mwambie kabla ya Jumapili kwamba mama akikuuliza, hutamdanganya. Na muulizane ambalo hukuliandika: mkioana, nyama itaingia jikoni mwenu? Watoto je? Hayo yazungumzwe kabla ya mahari.

Sasa chakula. Mbaazi za nazi, mahamri yasiyo na yai, mchicha, viazi. Mbuzi pekee wa kuingia jikoni siku hiyo ni yule wa kukunia nazi! Usitumie karai ulilokaangia samaki, wala mafuta yake, hata ukiyachuja. Nunua sufuria na mwiko mpya, umwonyeshe bila kujisifu. Vile vidonge vya mchuzi vyenye ladha ya kuku viweke mbali. Samli na maziwa havina neno.

Mambo mawili umuulize mwenzako leo. Je, mama anakula kitunguu maji na saumu? Wafuasi wengi wa Swaminarayan hawavigusi. Basi tangawizi, bizari na dania vitakutosha. Na je, Jumapili hiyo si Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo? Kama ndiyo, wanaofunga hawali nafaka wala kunde, kwa hiyo mbaazi na mahamri utakula mwenyewe. Muandalie matunda, maziwa na viazi. Akija na chakula chake kwenye kikapu, usinune. Wapo wasiokula kilichopikwa na asiye wa dhehebu lao, hata akiwa binti yao wa kuzaa. Mpe sahani safi, mkae mle pamoja.

Shangazi