Ijue Rafadha Yako Kabla Hujakaribia Gati

Kwa miaka sita niliendesha boti ya wapigambizi katika hori ya Mtwapa, boti yenye injini moja ya dizeli ndani, na kila jioni niliifikisha gatini kwa ubavu wa kushoto bila taabu: naiingiza polepole kwa pembe ndogo, omo, yaani sehemu ya mbele, ikikaribia natia rivasi, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, inajivuta yenyewe hadi matairi yaguse mbao. Nilidhani ni ustadi wangu. Siku nilipokabidhiwa boti nyingine iliyofanana na ile kwa umbo na urefu, nilifanya yale yale, na tezi ikakimbilia majini huku omo ikigonga nguzo mbele ya abiria 12. Fundi aliyekuja kutazama ubao uliopasuka alicheka akasema, "Nahodha, pangaboi ya hii ni ya kushoto." Alimaanisha rafadha, lile panga linalozunguka chini ya maji na kuisukuma boti.

Mwenye mashine ya nje huigeuza mashine yenyewe, lakini shafti ya injini ya ndani haigeuki, na usukani ulio nyuma ya rafadha hufanya kazi vizuri pale tu unapopigwa na maji yanayosukumwa nyuma. Ukitia rivasi maji hayo huelekea omo, kwa hiyo mwanzoni usukani ni kama haupo, na rafadha ndiyo inayoamua. Rafadha ya kulia, yaani ile ambayo ukiitazama kutoka nyuma ya boti huzunguka kama mishale ya saa inapokwenda mbele, katika rivasi hurusha maji kwenye ubavu wa kulia chini ya tezi, na tezi ikasukumwa kushoto. Ya kushoto hufanya kinyume chake.

Usikisie kwa kuitazama injini, kwani giaboksi nyingi hugeuza mzunguko. Ifunge boti kwa kamba imara, tia rivasi taratibu, kisha chungulia povu: likichemka zaidi upande wa kulia, tezi itakwenda kushoto.

Ukishajua hilo, hata kugeuka mahali finyu kunakuwa rahisi, ila kwa upande mmoja. Kwa rafadha ya kulia, zungusha usukani wote kulia, tia gia ya mbele kwa sekunde mbili tatu, kisha rivasi fupi kabla boti haijaanza kurudi, bila kuugusa usukani. Gia zote mbili husukuma tezi kushoto. Ukijaribu kugeukia kushoto, rivasi itakunyang'anya kila ulichopata, na ndiyo maana mimi huzunguka kulia hata njia ikiwa ndefu zaidi. Kusi ikivuma kwa nguvu hesabu hii yote huweza kuharibika, na siku hizo mimi hutanguliza kamba gatini.

Boti ile ya pili bado naiendesha. Matairi nimeyahamishia ubavu wa kulia, na kando ya mkono wa gia nimechora mshale mwekundu kwa ajili ya nahodha atakayeishika baada yangu.